Hata ujitahidi vipi: "however", "no matter what" na kalamu nyekundu ya bosi

"Mwalimu, habari za kazi. Mimi niko Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, nafanya kwa ofisi ya kliaringi, tunatoa mizigo forodhani, kazi yangu nyingi ni kuandika imeli za Kingereza kwa wateja wa Kampala na Mombasa. Nimekulia kambini, baba alikuwa askari, Kiswahili ndo lugha ya nyumbani, Kingereza nilikipata shuleni na si chote. Juzi bosi kanirudishia barua mbili. Moja niliandika 'However we tried hard, but the truck reached late.' Nyingine 'No matter how long will the container stay in the port, we will pay the storage.' Ya kwanza kaizungushia kalamu nyekundu kaandika tu 'word order'. Ya pili kaizungushia yote kaandika 'NO!!' bila kueleza. Halafu jioni binti yangu wa P7, darasa la saba, ananiletea homework, wanaambiwa waandike sentensi upya waanze na However, nikashindwa kumsaidia na nikaona aibu. Naomba unifafanulie hizi whatever, however, no matter what, come what may. Ni kitu kimoja ama tofauti? Hiyo will inakaa wapi? Ama nikariri tu? Saa zingine naona Kingereza cha hivi si cha watu kama sisi."

Ndugu yangu wa Malaba, asante kwa swali, na asante zaidi kwa kuniletea sentensi zenyewe, manake wengi huniuliza tu "mwalimu nifundishe however" bila kunionyesha wamekwama wapi. Wewe naona umekwama sehemu mbili tofauti ingawa kalamu ni moja. Barua ya kwanza ina kosa la mpangilio wa maneno, linatibika leo hii. Barua ya pili nayo ina makosa ya sarufi, lakini sidhani hiyo NO ya bosi ilihusu sarufi, nitafika huko. Na homework ya binti ni swali lilelile la barua yako ya kwanza, ukielewa moja umemaliza zote mbili.

Kukariri usikariri. Ukikariri "however hard we tried" utaiandika vizuri siku ukihitaji neno hard, kesho ukihitaji heavy ama expensive unarudi palepale. Na hilo la Kingereza si cha watu kama sisi, hapana bwana. Kiswahili tumekiandika kwenye katiba ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, sawa, lakini imeli za mpakani bado zinatembea kwa Kingereza na wewe ndo unaziandika, sasa ni cha nani kama si chako? Zaidi ya hapo, hiki kitu unachokihangaikia unakifanya kila siku kwa Kiswahili bila kufikiri.

Sikiliza: "Hata aseme nini, simwamini." "Hata kontena ikae siku ngapi, bei ni ileile." "Hata tujitahidi vipi, hatuwahi." Ndani ya hizo kuna nini, kuna ngapi, kuna vipi, yote maneno ya kuuliza, lakini kuna mtu anauliza kitu? Hakuna. Kinachofanyika ni kwamba unachukua swali, ikae siku ngapi, unakusanya majibu yake yote yanayowezekana, siku 2, siku 10, siku 100, halafu unasema chagua jibu lolote unalotaka, mwisho wa habari haubadiliki. Basi. Hiyo ndo kazi yote ya whatever, however, no matter what na ndugu zao. Na karibu kila sheria ambayo bosi ama mwalimu wa P7 anaisimamia inatoka hapohapo.

Kingereza kina njia mbili za kujenga hiyo kitu. Ama unaweka "no matter" mbele ya neno la kuuliza, ama unagandisha "ever" nyuma yake. What inakuwa no matter what ama whatever, who inakuwa no matter who ama whoever, where inakuwa wherever, when inakuwa whenever, which inakuwa whichever, how inakuwa however. Why ndo mkaidi, "no matter why" ipo lakini hiyo ya ever kwa maana hii haitumiki, sema "whatever the reason" uendelee na safari. Whichever nayo itumie pale orodha inajulikana: "Whichever border you use, Busia or Malaba, the documents are the same." Ukisema whatever border unakuwa unaongelea mpaka wowote duniani.

Kuhusu tahajia kwa haraka, no matter ni maneno mawili, hiyo "nomatter" inayozunguka kwenye WhatsApp haipo kwenye kamusi. Whatever, however, whoever yanaandikwa pamoja.

Sasa twende kwenye mpangilio, hapa tukae kidogo.

Kwa Kiswahili neno la kuuliza tunaliacha nyuma ya kitenzi, hata tujitahidi VIPI, hata aseme NINI. Kiganda nacho hivohivo. Ndo maana mtu wa kwetu akiambiwa aanze na However, anaiweka pale mbele kwa sababu ameambiwa, halafu anaendelea na sentensi yake kama kawaida, "we tried hard", na hard inabaki kule mwisho. Lakini kwa Kingereza neno how halitembei peke yake, linabeba kile linachokipima. Ukitaka kuuliza tulijitahidi kiasi gani huulizi "How did we try hard?", unauliza "How hard did we try?" Hard imefuatana na how mpaka mbele. Ukishaona hiyo umeona kila kitu, kwa sababu hata ndani ya however mambo ni yaleyale: however hard.

Kwa hiyo dawa ninayowapa watu wangu ni hii, andika kwanza swali pembeni ya karatasi. "How heavy was the sack?" Sasa kumbuka hakuna mtu anayeuliza, kwa hiyo ule mgeuko wa swali uondoe, mtenda, hapa ni the sack, arudi mbele ya kitenzi: how heavy the sack was. Halafu gandisha ever: "However heavy the sack was, he carried it to the lorry." Ama weka no matter mbele: "No matter how heavy the sack was, he carried it." Swali la barua yako, "How hard did we try?", did inaondoka, try inarudi kuwa tried, inatoka "however hard we tried". Ukiona do, does ama did imejipenyeza kati ya no matter na mtenda, kama "no matter where does he go", ujue umeuliza swali bila kutaka. Ni "no matter where he goes".

Mbona basi sentensi yako ya kwanza inamsumbua msomaji hivyo, si anaelewa tu? Anaelewa lakini baada ya kujikwaa. "However we tried" peke yake ina maana halali kabisa, ni kwa njia yoyote tuliyojaribu, kwa hiyo msomaji anaanza kufikiria njia, halafu anakutana na hard inaning'inia mwisho hajui aiweke wapi. Na kuna balaa lingine, ukitia koma baada ya However, "However, we tried hard", hiyo sasa ni hata hivyo, tulijitahidi, yaani sentensi nyingine kabisa inayojibu kitu kilichosemwa kabla. Koma moja tu. Nimeona watu wazima wenye digrii wakiitupa hiyo koma popote, wewe kuwa mkali nayo: however ya hata hivyo inapata koma mara moja, however ya hata tujitahidi vipi inashikana na neno linalofuata bila kupumua.

Kitu kinachowakamata watoto wa P7 kuliko vyote ni very. Swali linakuja hivi: "The porter was very strong. He could not lift the sack." Anza na However. Mtoto anaandika "However very strong the porter was" na anashangaa kukosa maksi. Very na however zinapigania kiti kimoja ndani ya taksi, kile kiti cha kusema strong kiasi gani. However ikishakaa, very anashuka. "However strong the porter was, he could not lift the sack." Too nayo inashuka, so nayo inashuka, na extremely pia. Mwambie binti kwamba kabla ya kuandika aanze kwa kumkata very kwa penseli.

Kuna kingine ambacho huwa hakifundishwi vizuri, neno a. "He is a good driver." Ukianza na However, watu wanaandika "However a good driver he is". Hapana. Good inavutwa mbele pamoja na however na a inabaki nyuma: "However good a driver he is, he cannot pass that road in April." Inasikika ajabu kwa mara ya kwanza lakini ndo yenyewe, na "no matter how good a driver he is" ni hivohivo. Wakiwa wengi hiyo njia haifanyi kazi, huwezi kusema "however good drivers they are", zunguka useme "however good the drivers are". Na pale unapopima wingi, much na many zinafuatana na how: "however much we paid", "no matter how many times we called". Ukiandika "no matter how we called many times" umerudi kwenye kosa la barua ya kwanza kwa nguo nyingine.

Sasa will. Ulipoandika "No matter how long will the container stay" ulifanya makosa mawili ndani ya neno moja, umeiweka mahali pa swali, halafu hata ungeirudisha nyuma ya container bado haitakiwi. Unajua ile sheria ya if na when tuliyochapwa nayo shuleni, "If it rains, we will stay", si "if it will rain". Hii ni jamaa yake. Upande wa matokeo ndo unabeba will, upande wa hata unabaki na wakati wa sasa ingawa unaongelea kesho. "No matter how long the container stays, we will inform you every day." "Whatever happens, we will call you." Ukiwa unaongelea jana, zote zinarudi jana, "whatever he said, they did not listen". Utakutana pia na may, "whatever may happen", hiyo ni sahihi, ina harufu ya hotuba na magazeti tu, kwa imeli ya mteja sioni faida.

But nayo ondoa. Kiswahili cha mdomoni kinaturuhusu "ingawa tulijitahidi lakini lori likachelewa" na hakuna anayekuangalia vibaya. Kingereza kinataka kiungo kimoja tu kati ya pande mbili, however imeshaunganisha, but inabaki haina kazi. Although na but hivohivo, chagua mmoja. Ukihisi sentensi imepoa bila lakini, weka still, hiyo haiungi kitu, inakaza tu: "However hard he works, he still loses money."

Umeuliza ni kitu kimoja ama tofauti. Kwa maana ni karibu kitu kimoja, no matter what ni ya mdomoni zaidi kidogo na ina nguvu ya kusisitiza, whatever na however zinafaa zaidi kwenye maandishi. Lakini kuna sehemu moja huwezi kuzibadilishana. Angalia: "Whatever you decide is fine with us." Chochote mtakachoamua ni sawa kwetu. Hapo whatever you decide ndo mtenda wa sentensi, ndo kile kitu ambacho ni sawa. Ukiandika "No matter what you decide is fine with us" imevunjika, kwa sababu no matter haijawahi kuwa kitu, ni maneno ya pembeni tu. Namna ya kujipima, funika kipande hicho kwa kidole gumba usome kilichobaki. Kikibaki sentensi nzima inayosimama, "we will call you", tumia yoyote unayotaka. Kikibaki kigutu kama "is fine with us", basi ni whatever, whoever, whichever, hakuna no matter hapo. Na wakati mwingine zote mbili zinasimama ila maana zinaachana. Mgeni akikuambia "I will eat whatever you cook" anasema atakula chochote ukipika. Akikuambia "I will eat no matter what you cook" anasema atakula tu, upike usipike vizuri, na kama wewe ndo mpishi hiyo ya pili inauma kidogo.

No matter ikiwa mbele, na sentensi yake haijaisha, usiweke nukta katikati. "No matter what the reason is. We will refund you." Ile ya kwanza ni nusu sentensi, inahitaji koma na iendelee. Ukitaka kusimama tumia "It does not matter what the reason is." Hiyo inasimama peke yake kwa miguu miwili. Na pale majibu ni mawili tu, ndiyo ama hapana, neno la kuuliza ni whether: "Whether you like it or not." Hii "no matter you like or not" tunayoisikia sana imeruka neno.

Kuhusu kufupisha, kile kitenzi is, are ama was kinaweza kuanguka mwishoni na watu hufanya hivyo sana: "whatever the cost", "however small the payment", "no matter how bad the road". Kitenzi kingine hakianguki. "No matter the cost" bila what, siku hizi inaandikwa kila mahali na mimi siikatai, ila kuna wasahihishaji wanaoikataa, kwa hiyo kwenye mtihani salama zaidi ni "no matter what the cost is" ama "whatever the cost". No matter what inaweza kukaa mwisho ikiwa peke yake, "We will be there no matter what." Whatever ukiijibu peke yake kwa mtu, hiyo ni dharau, ni kama kumwambia shauri yako. Usimwandikie mteja.

Come what may ni mzee wa zamani aliyeganda. Hapo come haimaanishi njoo wala haina wakati, ni na kije chochote kitakachokuja, na Kiswahili tuna pacha wake kabisa, liwalo na liwe, angalia hata umbo lake. Kwa sababu imeganda haiguswi, si "comes what may", si "came what may" hata kama unaongelea jana. Itumie kwenye hotuba ya harusi, kwenye barua ya kontena inasikika kama unaenda vitani. Kuna nyingine za ukoo huo, "be that as it may" na "try as we might", hazina neno la kuuliza lakini zinafanya kazi ya jirani, na zenyewe zichukue nzima kama zilivyo.

Hapa kwetu kuna mbili za kuangalia. Tunasema "I must come by all means" tukimaanisha nitakuja liwalo na liwe, lakini Mwingereza akisikia by all means anasikia ruhusa, kama bila shaka, karibu. "By all means, sit down." Ukitaka nguvu ile ya liwalo na liwe mwandikie "no matter what". Ya pili ni much as yetu tunayoipenda kuliko chumvi. "Much as the road is bad" kila Mganda anaielewa, ila Waingereza wenyewe huiweka zaidi pale kuna kitu kinachoweza kuwa kingi ama kidogo moyoni, like, want, respect: "Much as we would like to help you, the deadline has passed." Kwa barabara mbovu andika although ama however bad the road is.

Basi turudi kwenye barua. Ya kwanza ungeweza kuandika "However hard we tried, we could not get the truck here on time." Unaona nimebadilisha hata upande wa pili? Kwa sababu however hard inasema tulijitahidi kwa kila kiasi na bado haikuwezekana, inataka mwisho wa namna hiyo, haikuwezekana. Ukitaka tu kueleza kilichotokea mara moja, kwamba mlijitahidi na lori likachelewa, although inatosha na ni ya kweli zaidi: "Although we tried hard, the truck arrived late." Mtihani wa PLE, ule wa kumaliza shule ya msingi, unazichukua hizi mbili kama sawa kwa sababu unapima kubadilisha umbo, mteja aliyekasirika hazichukui kama sawa, ukimwambia however hard we tried halafu agundue mlipiga simu moja tu, umeongeza petroli. Na reach inataka mahali, "reached Malaba late", ama tumia arrive.

Ya pili. Kisarufi inakuwa "No matter how long the container stays in the port, we will pay the storage charges." Nzuri kabisa, hakuna kosa hata moja, na nadhani bosi angeandika NO hata kwa hii. Kumbuka nilivyokuambia kazi ya haya maneno, kukusanya majibu yote na kusema matokeo hayabadiliki. How long? Siku 3, siku 30, siku 300. Umeandika kwa niaba ya ofisi kwamba mtalipa kwa siku zozote zile, hata kama aliyechelewesha ni mteja mwenyewe aliyekaa na hela za ushuru mfukoni. Na wewe unajua kuliko mimi kwamba siku za bure bandarini zikiisha, hesabu inapanda kila kunapokucha. Kwa Kiswahili tunasema hata ikae mwaka tutalipa na wote tunajua ni mdomo tu, ni namna ya kumtuliza mtu. Kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi hakuna mdomo tu. Whatever, however, no matter, regardless of, irrespective of, zote ni maneno yasiyo na mwisho, na mtu akitaka kukushika atakushika hapohapo.

Kwa hiyo kwenye kazi yako ziweke mahali ambapo kweli unaweza kutimiza kwa kila jibu. "Whatever the cause of the delay, we will inform you the same day." Hiyo unaiweza, sababu iwe mvua, iwe foleni, iwe mtandao wa forodha kulala. Pale penye hela, weka mpaka: "We will pay the storage charges for up to 7 days if the delay is our fault." Siku ngapi hasa muulize bosi, hilo halitoki kwenye sarufi. Na usione haya kumfuata umuulize NO yake ilihusu nini, pengine nimekosea kumsoma, ila naona mtu anayeandika "word order" kwa utulivu kwenye barua moja halafu herufi kubwa na alama mbili za mshangao kwenye nyingine, hiyo ya pili ameona hela.

Kuna pale mwalimu wa Kingereza hatoshi. Ukiletewa mkataba wenye "whichever comes first", "whichever is later", "regardless of who is at fault", usiutafsiri peke yako kwa kutumia jibu langu hili, mpelekee wakili kabla ya sahihi, kwa sababu hapo neno moja linaamua ni tarehe ipi inahesabika na nani anabeba hasara. Imeli za kawaida zinatosha kusomwa na mwenzako mmoja ofisini, mwombe akusomee kwa sauti, sehemu atakayojikwaa ndo ya kurekebisha.

Kwa binti, kaeni mezani na sentensi tano tu, usizidishe, na mwache yeye aandike swali la how pembeni kwanza kabla ya kuandika jibu: How tired was she? How fast did he run? How good a player is he? Ukiona anageuza swali vizuri lakini anasahau very ama but, hilo ni la mazoezi na litaisha. Ukiona anashindwa hata kujua ni neno gani kwenye sentensi linapimwa, hapo shida haiko kwenye However, iko nyuma kidogo, kwenye kutambua kivumishi na kitenzi, na mwalimu wake wa darasa anapaswa kujua mapema kabla ya mtihani wa Novemba kufika. Ukienda kumwona muulize pia kama anakubali "no matter the cost", ama anataka what yake iwepo, manake hapo kila shule ina sheria yake na maksi ni za mtoto.